Tiba ya kinga na mapafu ya mgonjwa wa Dar

Familia ikisikia kuna dawa ya saratani inayoamsha kinga ya mwili, swali la kwanza huwa bei. Ni haki yao, maana bei yenyewe inatisha. Swali la mapafu huja baadaye, mara nyingi kwa kuchelewa.

Tazama interlukini-2, dawa ya zamani ya aina hiyo. Marekani iliiidhinisha mwaka 1992 kwa saratani ya figo iliyosambaa. Kati ya wagonjwa 255 wa majaribio yake, takriban 7 katika kila 100 uvimbe wao wote ulitoweka. Takriban 4 katika kila 100 waliuawa na tiba yenyewe. Mishipa midogo ya damu ilikuwa ikivuja, maji yakajaa kwenye vifuko vya hewa, presha ikaporomoka. Lawama ilielekezwa kwa seli za kinga zilizochachamaa, hadi utafiti wa mwaka 2010 kwa panya ulipoonyesha kwamba dawa hiyo hushika pia kuta za mishipa ya mapafu moja kwa moja.

Dawa za sasa, kama pembrolizumab iliyoidhinishwa mwaka 2014, ni afadhali sana. Wagonjwa wachache katika kila 100 ndio huvimba mapafu. Wanaozitetea husema saratani iliyosambaa haina huruma, basi kwa nini tumnyime mtu nafasi kwa kuogopa madhara ya wachache? Nakubaliana nao. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba mgonjwa akianza kukohoa atamfikia daktari wake upesi.

Hapa kwetu, mtu wa Mbagala akikohoa huanzia duka la dawa, akapewa antibayotiki. Akifika zahanati hupimwa kifua kikuu, na ni sahihi kupimwa, kwa sababu ugonjwa huo tunao wa kutosha. Shida ni kwamba steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga, ambazo ndizo tiba ya mapafu yaliyovimba kwa dawa hizi, zinaweza kukichochea kifua kikuu kilichojificha. Ukizichelewesha, mgonjwa anaweza kufa kwa kukosa pumzi. Na prednisoloni, mojawapo ya steroidi hizo, ni dawa ya bei nafuu! Kinachokosekana ni muda, na mtu wa kuisoma picha ya CT siku hiyohiyo.

Kwa hiyo sipingi dawa hizi kutolewa katika hospitali za Ocean Road au Muhimbili. Napinga kuzianza bila kupima kifua kikuu kwanza, bila picha ya mapafu ya kulinganishia, na bila namba ya simu inayopokelewa usiku. Mgonjwa atembee na karatasi inayotaja dawa yake, ili hata muuguzi wa zahanati ya Kigamboni ajue kikohozi kile si cha kusubiri Jumatatu.