Ukuta mrefu unamficha mwizi, mi nabaki na minyaa yangu

Juzi nimeenda Ilazo, hapa hapa Dodoma, kumsalimia rafiki yangu, nimetembea mtaa mzima sijaona nyumba ya mtu hata moja, naona ukuta tu, kushoto ukuta kulia ukuta, juu umepandwa chupa au seng'enge, geti jeusi limefungwa, ukipiga hodi anayekujibu ni mbwa. Nikajiuliza hivi tunamwogopa nani hasa? Na hao tunaowaogopa, ukuta unawazuia kweli?

Niseme mapema kwamba na mimi nilikuwa huko huko. Nilihamia Dodoma kikazi 2018, mwaka ule ule mji wetu ulitangazwa kuwa jiji, viwanja vikawa vinagombewa kama maandazi ya asubuhi. Nikapata changu Nzuguni, na kila niliyemwambia alikuwa na ushauri ule ule, "weka fensi kwanza, utakuta mtu kashahamisha bikoni", yaani yale mawe ya mipaka ya kiwanja. Nikaingiwa na hofu, nikatafuta fundi, nikamwambia nataka ukuta haraka na kwa bei ya chini. Hapo ndo nilipoharibu.

Fundi akafyatua tofali za inchi tano, mfuko mmoja wa simenti akatoa tofali hamsini na kitu, mi nafurahia kwamba nimepata fundi mwenye baraka kumbe nauziwa mchanga. Halafu maji. Wenyeji wa Dodoma wananielewa, maji huku ukiwa saiti ni ya kununua kwa boza, na ukishalipia boza ile roho inakuuma kuyamwaga juu ya tofali. Tofali linatakiwa limwagiliwe asubuhi na jioni kama wiki nzima, na kwa jua letu hili na upepo ule unavyokausha ungesema hata zaidi, mimi yangu yalimwagiliwa siku mbili tukasema yamekauka, yapandishwe. Yalikauka kweli, ila hayakukomaa. Ukikwaruza na msumari linatoka unga.

Ukuta wa nyuma ulikuwa na urefu wa mita ishirini na tano, nguzo ziko mbili tu za pembeni, katikati hakuna kitu. Tundu la kupitisha maji chini? Hata moja. Ilikuwa kiangazi, nani anafikiria maji wakati vumbi linaingia mpaka kwenye sukari!

Mvua za El Niño za 2023 kuingia 2024 ndo zikanifundisha. Dodoma mvua ni chache kwa mwaka lakini zikija zinakuja kwa hasira, maji yanateremka kwenye ule udongo mkavu hayapati hata muda wa kunywea. Yakafika kwenye ukuta wangu yakakuta hakuna pa kupita, yakajaa upande wa juu kama bwawa, msingi ukalowa, na saa tisa usiku nikasikia kishindo nikadhani lori limegonga nyumba. Asubuhi ukuta wote wa nyuma umelala chali kwenye matope, umelala mzima mzima yaani, kama mtu aliyechoka.

Hela ya kuujenga tena sikuwa nayo. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kigogo aliyekuwa anaishi pale kabla hata mtaa haujapimwa, alipita nikampa shikamoo, akasimama akautazama ule ukuta muda mrefu halafu akasema, "Mwanangu, ulijenga kumzuia mtu, maji hukuyauliza." Akaniambia nisihangaike, nikate minyaa kwake.

Kwa wasioijua, minyaa ni ile mimea ya kijani yenye vijiti kama penseli, haina majani ya maana, ukiivunja inatoa utomvu mweupe. Wagogo wameitumia miaka na miaka, na sio wao tu, hata jina la Manyara inasemekana limetokana na jina la Kimasai la mmea huu huu kwa sababu nao walizungushia maboma yao. Mbuzi hawaili. Mchwa nao, ambao huku kwetu wanakula nguzo ya mti mpaka unashika hewa, minyaa iliyo hai hawanisumbui nayo. Unakata kijiti kama urefu wa mkono, unakiacha kivulini siku kadhaa kidonda kikauke, unachomeka mvua zikianza, kimoja kimoja kwa nafasi ya kama futi. Mwaka wa kwanza unaona kama umepoteza muda, wa pili unaanza kujisifu.

Lakini jamani utomvu wake sio wa kuchezea. Ukiingia jichoni unaweza kukaa siku kadhaa huoni vizuri na maumivu yake sitaki kukumbuka, nilijifuta jasho na kiganja nikiwa napogoa, nikaishia kuoshwa jicho kwa maji mengi na kukimbizwa hospitali. Kwa hiyo kupogoa ni miwani, glovu, mikono mirefu, na watoto wawe ndani.

Wakati minyaa inakua niliweka nguzo na seng'enge mistari mitano pale nyuma, sehemu ya chini nikajazia matawi ya miiba. Nguzo za mti nilizipaka oili chafu sehemu inayoingia ardhini, mchwa wanachelewa, sio kwamba hawaji. Seng'enge lenyewe huku halina shida kubwa ya kutu kama Dar, shida yake ni kulegea, na lililolegea ni ngazi tu, mtu anakanyaga wa chini anainua wa juu anapita na kofia yake kichwani. Kila baada ya mvua nazunguka na koleo kulikaza, kazi ya nusu saa.

Sasa sikiliza. Mwaka ule ule ambao mi nyuma kwangu kulikuwa wazi unaona mpaka sufuria zilizoanikwa, jirani wa upande wa pili, ana ukuta mzuri tu, mrefu, wenye chupa juu, alisafiri msibani Singida. Wezi wakaingia kwake. Walichomoa pampu, wakashusha tenki, wakang'oa na grili ya dirisha la jikoni wakapitisha runinga, kazi ya usiku mzima ile, na sisi wote tumelala hatua thelathini kutoka hapo. Nani angewaona? Walikuwa ndani ya ukuta wamestarehe. Kwangu hawakugusa na nadhani najua kwa nini, mtu yeyote akisimama uani kwangu anaonekana na nyumba nne na taa ya sola inamwakia usoni.

Isipokuwa kuna siku walishanipata, na hapo sina wa kumlaumu, ni geti. Nilikuta mtungi wa gesi, baiskeli ya mtoto na mabati manane hayapo, geti limeegemezwa ukutani vizuri, na kufuli lipo pale pale limefungwa halina hata mkwaruzo! Walilinyanyua tu. Geti nyingi zinazochomelewa mitaani bawaba zake ni pini inayoingia kwenye bomba kutoka juu, ukipata wanaume wawili wenye mgongo mzuri wanalinyanyua linatoka kama mfuniko wa chungu. Dawa yake ni fundi wa kuchomelea akuwekee kipande cha chuma juu ya bawaba lisinyanyuke, au bawaba ya juu aigeuze ielekee chini. Ni kazi ya dakika kumi. Tunanunua kufuli kubwa kama ngumi halafu bawaba hatuzitazami.

Na kile kidirisha cha kupitisha mkono kufungulia komeo, kama mkono wako unapita na wa mwizi unapita, kiwekee boksi la chuma kwa ndani. Sehemu ya chini ya geti ikwangue kutu na upake redioksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kila kiangazi, ndo inayoanza kuoza.

Kuhusu fensi za umeme sina maneno mengi, zikifungwa na mtu anayejua ziko sawa, ile mashine yake inatoa mshtuko wa kupigapiga, haishikilii mtu. Kinachonitisha ni wale wanaochukua waya wa umeme wa nyumbani wanaubandika moja kwa moja kwenye seng'enge. Huo ni mtego wa kuua, na wa kwanza kuushika anaweza kuwa mwanao aliyefuata mpira.

Najua kuna watakaoniambia ukuta unazuia vumbi, na ni kweli, mwezi wa nane na wa tisa upepo wa Dodoma hauna adabu. Mwingine anataka faragha, sawa, kila mtu na maisha yake. Ukijenga basi jenga ukuta kweli, nguzo kila mita tatu, mkanda wa zege juu, matundu ya maji chini, tofali lililokunywa maji. Ila usiniambie ni ulinzi wakati hujui hata jina la jirani yako. Yule mzee kila jioni anapita na fimbo yake, akiona geti langu liko wazi anaita mpaka nitoke, na asipopita siku mbili mi ndo nakwenda kumuulizia.

Minyaa sasa hivi imefika kifuani. Kuna pengo moja karibu na choo ambapo mbuzi wa watu walikanyaga miche ikiwa midogo, nimeshakata vijiti vingine viko kivulini vinakauka, nasubiri mvua.