Anzeni na Meli, Barabara Itafuata

Kila inapokaribia miezi ya likizo, ndugu na marafiki wanaotarajia kututembelea hapa Munich hunitumia ratiba za safari ya gari katika nchi za Mediterania, na karibu zote huwa na kasoro ileile. Miji imepangwa siku kwa siku, hoteli zimekwisha kuchaguliwa, lakini mahali pa kuvuka bahari pameandikwa neno moja tu, "feri", kana kwamba ni pantoni ya Kigamboni ambayo mtu akiikosa hii anaingoja inayofuata. Meli za kutoka Italia kwenda Ugiriki haziendi hivyo. Nyingi hung'oa nanga jioni au usiku, husafiri usiku kucha, na anayeachwa leo huenda asipate nafasi ya gari kesho, hasa mwezi wa Agosti ambapo Waitaliano wenyewe wako likizoni. Kwa maoni yangu, tiketi ya meli ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kununuliwa, na kila kitu kingine, kuanzia saa ya kutoka nyumbani hadi idadi ya nchi zitakazopitiwa, kifuate siku na saa iliyoandikwa juu yake.

Baada ya kukubaliana hilo, ubishi huwa ni bandari. Kutoka Munich, kwa kupita Brenner (njia ya milimani kati ya Austria na Italia), Verona na Bologna, ni karibu kilomita 800 hadi Ancona. Ukiendelea kusini kwa barabara ya A14, ambayo kwa sehemu kubwa inaandama pwani ya Adriatiki, utaongeza kilomita zipatazo 460 ndipo ufike Bari. Meli ya Bari hufika Igoumenitsa, bandari ya kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, kwa muda wa saa nane hadi kumi. Ya Ancona huchukua muda mrefu zaidi, saa kumi na sita na ziada. Kwa kuwa tiketi ya Bari kwa kawaida ni nafuu, wengi huichagua na kujiona wameokoa fedha.

Mimi ni mtu wa Ancona, na sioni haya kulitetea jambo hilo mbele ya shemeji zangu ambao wote ni watu wa Bari. Kilomita 460 zina petroli yake na ushuru wake wa barabara, na zaidi ya hayo zina uchovu wake, ambao hauandikwi kwenye hesabu ya mtu yeyote. Dereva wa Bari huingia melini usiku akiwa ameshika usukani siku mbili mfululizo, hulala saa chache, kisha huamshwa kabla ya mapambazuko ili ashushe gari na kuanza kupanda milima ya Pindo, ambako barabara hupita kwenye mahandaki mengi. Dereva wa Ancona hulala, huamka, hunywa kahawa akitazama pwani ya Albania ikipita upande wa kushoto, na hushuka akiwa na akili zake. Kwa hiyo chumba cha kulala chenye kitanda, ambacho wengi hukikata wanapotafuta mahali pa kupunguza gharama, mimi nakihesabu pamoja na breki na matairi. Wenye magari ya kambi, yaani yale yenye vitanda ndani, wana bahati yao: baadhi ya meli za njia hii, kati ya Aprili na Oktoba, huwaruhusu kulala ndani ya magari yao kwenye sitaha ya wazi.

Kusini, hata hivyo, kuna hoja moja ambayo siwezi kuipinga, nayo ni historia. Warumi walianza kujenga Via Appia mwaka 312 KK, na baadaye barabara hiyo ikafikishwa hadi Brindisi, ambako nguzo ya kale bado imesimama juu ya bandari. Ng'ambo ya pili, kutoka Durrës katika Albania ya leo, ilianza Via Egnatia iliyoelekea Thessaloniki na hatimaye Bizanti, yaani Istanbul ya leo. Barabara kuu ya kisasa ya Ugiriki inayoanzia Igoumenitsa na kwenda mashariki hadi mpaka wa Uturuki, yenye urefu wa kilomita zipatazo 670, imepewa jina la Egnatia kwa kumbukumbu hiyo. Anayesafiri ili aone mambo haya ana sababu ya kufika kusini. Anayekwenda kusini kwa ajili ya bei ya tiketi tu, hana.

Sasa nije kwenye jambo linalowahusu zaidi wenye pasipoti za Afrika Mashariki, ambalo vitabu vya utalii vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu hulipita haraka. Ratiba nyingi ninazoletewa huvuka kwenda Ugiriki, hupanda kaskazini na kuingia Albania kupitia mpaka wa Kakavia, huitembelea Gjirokastër, kisha hurudi Italia kwa meli ya Durrës hadi Bari. Ni mzunguko mzuri sana, lakini Albania haimo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na kuachiana mipaka wazi. Aliyepewa viza ya kuingia mara moja, akishavuka Kakavia amekwisha kuitumia, na bandarini Bari hataruhusiwa kuingia tena. Mgeni wa namna hiyo na arudi kwa njia aliyojia. Hadi mwisho wa mwaka 2024, asiyetaka kutoka Schengen hakuwa na njia ya kulifikisha gari Ugiriki isipokuwa ya baharini. Tangu Januari 2025, Bulgaria na Romania zilipofunguliwa mipaka yake ya nchi kavu, anaweza pia kupita huko.

Gari nalo lina karatasi zake. Kwa Albania linahitaji kadi ya kijani, yaani hati ya bima ya gari inayotambuliwa nje ya nchi, na kama ni la kukodi, linahitaji idhini ya maandishi ya mwenye gari ya kulivusha mpaka na, jambo linalosahaulika, ya kulipandisha melini, kwa sababu mikataba mingi hukataza mojawapo au yote mawili. Urefu na kimo cha gari vipimwe pamoja na sanduku la juu kabla ya kununua tiketi. Mkishaingia melini, zimeni king'ora cha gari na mpande na mfuko wa usiku, maana sitaha ya magari hufungwa safari inapoanza, na dawa ya mtoto iliyosahauliwa chini ya kiti itabaki huko hadi asubuhi. Mbele yake kuna faraja ndogo: Ugiriki iko saa moja mbele ya Italia, kwa hiyo wakati wa kiangazi cha Ulaya simu yako ikishuka Igoumenitsa itaonyesha saa ileile ya Nairobi na Dar es Salaam.

Ukali wangu kuhusu saa una chanzo chake. Miaka michache iliyopita tuliondoka Munich asubuhi ya Jumamosi ya Agosti, siku ileile ya meli, nikiwa nimepiga hesabu ya kilomita bila kupiga hesabu ya watu. Foleni ya Brenner ilitumaliza, na tulipoingia bandarini Ancona mlango wa meli ulikuwa umekwisha kunyanyuliwa, mke wangu akiwa kimya kwa namna ambayo waliooa wanaielewa. Tangu mwaka huo tunatoka siku moja kabla na kulala Senigallia, mwendo wa nusu saa tu kutoka bandarini, ambako watoto huogelea hadi adhuhuri huku mimi nikiwa nimeshazikagua tiketi mara tatu.