Kiongozi Asiyetawala Hasira Zake Hupata Habari kwa Kuchelewa

Wanaobeza akili ya hisia, yaani uwezo wa kutambua na kutawala hisia zako na kuelewa za wengine, wanasema ni maneno matamu ya semina, na kwamba kiongozi apimwe kwa matokeo, basi. Wana sababu zao. Tangu wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer walipoieleza katika makala yao ya 1990, na kitabu cha Daniel Goleman cha 1995 kikaifikisha kwa umma, dhana hii imebebeshwa mengi yasiyo yake. Madodoso mengi ya kuipima humtaka mtu ajipe alama mwenyewe, na asiyejijua atajipaje alama ya haki? Tena, anayejua kusoma mioyo ya watu anaweza kuwachezea.

Nayakubali yote hayo. Ila wakosoaji hudhani kinachotetewa ni upole, kumbe ni uwezo wa kiongozi kupata ukweli kabla haujamgharimu.

Katika miaka ya 1990 Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wadi za hospitali. Alitarajia kuwa wadi zenye ushirikiano na uongozi mzuri zingekosea mara chache. Takwimu zikaja kinyume: wadi hizo ndizo zilizoonyesha makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyatoa mwaka 1996 ni kwamba tofauti haikuwa lazima katika kukosea, bali katika kusema. Pale msimamizi alipopokea taarifa bila kumdhalilisha mtu, wauguzi waliripoti. Palipokuwa na hofu, walinyamaza.

Matokeo hayo yanamgusa kila mwenye cheo. Rejista isiyo na kosa hata moja yaweza kuwa ushahidi wa woga. Sasa yule anayetaka kiongozi apimwe kwa matokeo tu, matokeo hayo anayasoma wapi kama si kwenye taarifa zilizokwisha kuchujwa na hofu ya walio chini?

Chukua mhasibu kijana aliyegundua kosa katika hesabu ambazo mteja ameshatumiwa. Anabisha hodi, anaeleza. Mkuu akifoka, "Ulikuwa wapi muda wote?", kijana ataomba radhi na kutoka, na ofisi nzima itakuwa imesikia. Kosa linalofuata mkuu ataambiwa na mteja. Akimeza hasira kwanza na kuuliza, "Nani mwingine ameshazipata hesabu hizi?", bado kuna muda wa kurekebisha. Hasira anayo, na pengine ni ya haki. Uwajibishaji nao upo palepale, ila unasubiri ukweli wote ujulikane.

Kwa hiyo bosi anayekwepa kumwambia mtu kuwa kazi yake ni mbovu, kisha akamnyima mkataba mpya bila onyo, hana akili ya hisia hata kama watu humwita mpole. Anakimbia maumivu yake mwenyewe, na anayeumia ni mwingine.

Hoja ya vipimo inabaki na uzito. Nisingependa mtu apewe au anyimwe cheo kwa sababu ya dodoso. Lakini bodi inayoteua meneja inaweza kuwauliza faraghani watu kadhaa waliofanya kazi chini yake: mara ya mwisho ulipompelekea habari mbaya alisema nini, na wewe ulifanya nini baada ya hapo? Majibu yao yana uzito kuliko alama alizojipa mwenyewe, na bodi nyingi hazijawahi kuwauliza.