Nzi wa Meza Namba 7

Nianze na kosa langu mwenyewe, msije mkahangaika kulitafuta: sikuchanga.

Mwezi wa pili niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp la harusi ya jamaa mmoja niliyewahi kufanya naye kazi ya usiku ghalani, huku Uingereza. Kadi ya mtu mmoja pauni 60, kadi ya wawili pauni 100, na mweka hazina anakumbusha kila Ijumaa kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nikavumilia Ijumaa tatu. Ya nne nikajitoa saa nane usiku, kimyakimya, kama mpangaji anayehama na kodi ya watu.

Ningeishia hapo ningebaki na heshima zangu. Tatizo ukumbi ulikuwa dakika tano tu kutoka ninapokaa, siku yenyewe Jumamosi ya Juni yenye jua, na upepo unatokea upande wa jikoni. Mtu kala mkate na maharage ya kopo wiki nzima, halafu unampitishia harufu ya pilau dirishani. Ulitegemea nini?

Kuzamia harusi Dar nimewahi, tena si mara moja. Kule watu 600, upande wa bwana harusi wanadhani wewe ni wa bi harusi, na upande wa bi harusi hivyo hivyo. Huku watu ni 150, wote wanajuana, na mlangoni kasimama dada mwenye orodha. Kwa hiyo nikafanya utafiti. Kwenye picha walizokuwa wanarusha mtandaoni, niliona wanaume wa kamati wote wamevaa suti nyeusi na tai ya njano. Na mwanakamati haulizwi kadi; yeye ndiye anayeuliza. Suti nyeusi ninayo, ya misibani. Tai ya njano niliipata duka la mitumba kwa pauni 3.

Nikazunguka nyuma, nikakuta kreti la soda, nikalitupa begani na kukunja uso kama mtu aliyechoka na shughuli tangu alfajiri. Dada wa orodha hakuniuliza kitu, akanisogezea kiti nipite. Kwenye ujia wa jikoni nikajibana ukutani kumpisha mpishi aliyebeba ndafu. Kumbe ukuta ule ulikuwa umepakwa rangi nyeupe asubuhi hiyohiyo. Hilo nililijua baadaye, mimi pamoja na watu wengine 150.

Nikachagua meza namba 7. Ilikuwa pembeni kabisa ya hema, upande ulioachwa wazi kuelekea bustani na vichaka vya miiba, na alikuwepo mtu mmoja tu: mzee wa Kiingereza, jirani wa bwana harusi, kavaa suti ya rangi ya udongo. Nikapiga hesabu. Hanijui, hajui Kiswahili, hajui nani kachanga na nani hajachanga. Kivuli gani kingine ningetaka? Nikamwamkia, nikakaa, nikavuta sinia la sambusa.

Niko kwenye sambusa ya tatu, akaja.

Mnene, ana manyoya kama kipande cha zulia. Mweusi, njano mabegani, makalio meupe. Akavuma mara mbili juu ya meza, akatua kwenye maua ya zambarau yaliyokuwa katikati yetu.

Mimi ni mtu wa Tabora. Babu yangu alitundika mizinga kwenye miombo maisha yake yote, na mtu wa kwetu hatakiwi kuogopa nyuki. Lakini ndiyo sababu hasa naogopa: nawafahamu. Nyuki wa kwetu haji kukuuma peke yake, anakuja na ukoo. Sikusubiri ukoo. Nilikuwa chini ya meza, nimepiga magoti, sambusa mkononi, mgongo nimempa mzee.

Kitambaa cha meza kikafunuliwa, uso wa mzee ukachungulia.

"Toka tu, kijana. Huyo si nyuki."

"Ni nani?"

"Ni nzi. Anajifanya nyuki."

Nikatoka taratibu, najipangusa magoti. Mzee alikuwa ameshatoa kioo cha kukuzia kutoka mfuko wa koti. Kwenye harusi, jamani! Watu wanabeba leso, yeye kabeba kioo. Kumbe kustaafu kwake ndiyo hiyo kazi: kuzunguka vichakani na kuandika nzi gani kaonekana wapi, wale nzi wanaosimama hewani mahali pamoja kama helikopta. Uingereza peke yake ina zaidi ya spishi 270 za jamii hiyo, na alizungumza kama mtu aliyekula chakula cha jioni na kila mmoja.

"Hesabu mabawa," akaniambia, akanisukumia kioo.

Nikahesabu kwa mbali. Mawili.

"Nyuki ana manne. Nzi ana mawili, na nyuma yake vijiti viwili vidogo vyenye vifundo, mfano wa mikwaju ya ngoma, vya kumwekea mizani anaporuka. Sasa tazama macho."

Macho yalikuwa yamemeza uso mzima, hakubakiwa na paji. Na vipapasio, vile ambavyo nyuki anavyo virefu vyenye kiwiko, yeye alikuwa na vifupi vyenye kinyweleo kama unyoya wa kifaranga. Jina lake Volucella bombylans. Kaorodheshwa vitabuni tangu mwaka 1758 na Linnaeus, yule Mswidi aliyevipa majina viumbe vya dunia nzima. Anayemwiga ni yule nyuki wao mnene wa manyoya, ambaye sisi kwetu hatuna jina lake kwa sababu hatuna yeye mwenyewe. Duniani wako spishi kama 250 za nyuki hao, lakini Afrika kusini mwa Sahara hakuna hata mmoja wa asili. Nilimweleza mzee kwamba kwetu mnene ni yule mweusi anayetoboa boriti za nyumba, akafurahi akaandika kwenye kijidaftari.

"Ndiyo maana na nzi huyu kwenu hayupo," akasema. "Unamkuta kuanzia Ireland mpaka Siberia. Ukivaa sare za jeshi ambalo halipo nchini, utamtisha nani?"

Nikacheka. Nilikuwa nimeanza kumpenda mzee. Nikachukua sambusa ya nne.

"Mwiba hana hata kidogo," akaendelea. "Ndege aliyeumwa mara moja na nyuki wa kweli, akimwona huyu anampita mbali. Kinachomlinda ni mavazi tu."

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye tai.

"Tena wako wa aina mbili. Huyu ana makalio meupe. Mwenzake ana makalio mekundu, kwa sababu kuna nyuki mwingine mwenye makalio mekundu. Ni nzi walewale, wanaoana kabisa, ila sare tofauti."

"Kwa hiyo wanaangalia kwanza kamati imevaa nini," nikasema. Nikatamani kujing'ata ulimi.

"Hapana, wanazaliwa hivyo." Kisha akainama kwangu, akashusha sauti, kama mtu anayetoa siri ya familia. "Lakini jike! Jike anakwenda mbali zaidi. Anaingia nyumbani kwa walewale anaowaiga. Mara nyingi wanakaa kwenye shimo la zamani la panya, nyuki mia na ushee. Anaingia mlango wa mbele. Bila mwaliko."

Nikatazama mlango wa mbele. Dada wa orodha alikuwa palepale.

"Anafuata nini?" nikauliza, nikijua.

"Anataga. Watoto wake wanakula makombo ya humo ndani. Uchafu, mabaki, watoto wa nyuki waliokufa. Mara mojamoja hata walio hai."

"Na… hawachangii chochote?"

Mzee akafikiri. "Unaweza kusema wanafagia sakafu."

Nikashika hapo. Mimi si nilibeba kreti? Kreti zima, chupa 24, mpaka kando ya jukwaa!

"Na wakimgundua?"

"Kuna wakati wanamuua. Ila inasemekana hata akiwa anakata roho, mayai yanamtoka hapohapo. Kazi aliyoijia inaisha." Akanitazama kuanzia tai, akashuka, akatabasamu. "Unajua, hata wewe unafanana naye kidogo."

Sambusa ikasimama kooni. Mzee huyu hajui nzi tu. Mzee huyu ni wa kamati. Wamemweka hapa makusudi, meza ya pembeni, na kioo chake, kunasa watu kama mimi. Nikawaza kukimbia kupitia bustanini, lakini kuna miiba, na suti ni moja.

Wakati huohuo MC akafika kwenye meza yetu na maikrofoni. Utambulisho. MC huyu ni wa wale wasioweza kutaja saa bila kuifanyia hadithi. Akamshika mzee bega, akatangaza kwamba jirani mwema amekuja kutoka nyumba ya pili, angependa kutusalimia, na yeye MC atatafsiri. Vigelegele. Mzee akasimama, akashukuru, akasema bibi harusi amependeza. MC akatafsiri kwa dakika mbili. Halafu mzee, kwa uchangamfu wote, akanyoosha kidole upande wa meza yetu akasema maneno mengine ya Kiingereza, akacheka.

Hapa niseme jambo kuhusu lugha yetu tukufu. Kiingereza kina neno lake la mtu na neno lake la mdudu. Sisi nzi ni "amekuja", mtu ni "amekuja", mbuzi wa ndafu naye "amekuja". Mzee alimtaja nzi mwanzoni kabisa, lakini pale pale DJ alikuwa anajaribu spika, na neno hilo MC alilikosa. Akatafsiri alichokipata.

"Mzee anasema," MC akanguruma, "kwenye meza hii yupo mmoja ambaye hakualikwa!"

Hema likatulia.

"Amevaa nyeusi na njano kama wenyeji, lakini si mwenyeji!"

Viti vikaanza kugeuka.

"Ameingia mlangoni tunamwona! Amekuja kula tu! Na anasema," MC akaweka mkono sikioni kumsikiliza vizuri mzee, "anasema mtamjua kwa makalio yake, ni meupe!"

Ningekaa kimya yangepita. Leo hii nalijua. Watu walikuwa wanaangaliana, hakuna aliyenitazama mimi hasa. Lakini moyo wa mwizi hausubiri kuitwa jina. Nikasimama. Nikajisikia nikisema kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu:

"Ni mimi. Jamani naomba radhi, ni mimi. Nilijitoa kwenye grupu. Kreti nilibeba kweli lakini."

Kimya kikawa kirefu mpaka nikasikia mavumo kwenye maua. Mzee akamvuta MC koti, akauliza kijana kasema nini. MC, kwa kuwa ni mtu wa kazi, akamtafsiria yote, pamoja na kreti. Uso wa mzee ukapauka, ukaiva, kisha akainua chombo cha maua kwa mikono miwili mbele ya watu.

"Nilikuwa namsema huyu!"

Na nzi, kwa adabu zake, akaendelea kunyonya.

Hapo ningeweza bado kuokoka kwa kucheka. Nikageuka kutafuta njia ya kutokea, yaani nikawapa ukumbi mzima mgongo, na rangi ya ule ukuta wa jikoni: nyeupe pee, kuanzia kiunoni mpaka nyuma ya mapaja. Sijawahi kusikia kicheko cha aina ile. Bi harusi alishika keki kwa kukosa pa kujishika. Shangazi mmoja wa meza ya 3 alitoka nje kabisa. Mzee akanisogelea, akaninong'oneza kwamba aliiona rangi hiyo tangu nilipokuwa chini ya meza, na ndiyo maana akasema tunafanana, hakutaka kuniaibisha.

Mweka hazina ndiye hakucheka. Alikuja taratibu kutoka meza kuu, kitabu cha stakabadhi kwapani. Huyo mtu alikuja na kitabu cha stakabadhi kwenye sherehe, nadhani analala nacho. Akanitajia pauni 60, na nyingine 10 za kuchelewa, na kwamba simu yangu anaiona mfukoni hivyo habari za kutokuwa na pesa taslimu asizisikie. Nikatuma palepale, MC akihesabu kwa maikrofoni tarakimu moja moja. Vigelegele vikapigwa kuliko vilivyopigwa keki ilipokatwa.

Wakanipa sahani. Nikakaa meza ileile, na mzee akanikatia paja la ndafu kwa mkono wake.

Stakabadhi ninayo mpaka leo, nimeibandika kwenye friji. Imeandikwa: "Imepokelewa kutoka kwa: Nzi, Meza 7. Pauni 70. Kwa ajili ya: kadi ya mtu mmoja." Nilimwomba mweka hazina aandike jina langu, akasema grupu lake halina mtu wa jina hilo.

Yule mwingine alikula mpaka jua likazama, akaondoka kwa upande wa vichakani. Hakuna aliyemdai.