Makosa ya Kibinadamu Hayaelezi Matone 25

Jibu la titresheni, yaani jaribio la kupima kimiminika kwa kukidondoshea kingine hadi vimalizane, likienda kombo, ripoti nyingi humaliza kwa maneno yaleyale: "Tofauti ilitokana na makosa ya kibinadamu." Wapo walimu wanaolikubali jibu hilo, na wana hoja. Mwanafunzi aliyekwisha kumwaga kila kitu na kuosha vyombo hawezi kurudi kuona kilichoharibika. Ukimbana ataje chanzo, atasingizia kiputo cha hewa ambacho hakukiona.

Kubuni ni vibaya, sawa. Lakini ukubwa wa kosa na upande lilikoelemea havihitaji kuonekana kwa macho. Vimo ndani ya namba alizoziandika mwenyewe.

Tuseme alikuwa akidondosha asidi ndani ya alkali; alitarajia kutumia asidi sentimita za ujazo 25.00, akatumia 26.25. Hiyo ni asilimia 5 zaidi. Bureti ya kawaida, mrija wenye alama za vipimo unaodondosha asidi, husomwa kwa shaka ya 0.05 hivi, na husomwa mara mbili, mwanzo na mwisho; shaka yote ni 0.10, yaani asilimia 0.4. Basi jicho halikuleta asilimia 5. Au alipitiliza pale rangi ya fenoftalini, kionyeshi cha kwamba alkali imemalizwa, inapopotea? Tone moja lina kama 0.05, kwa hiyo pengo la 1.25 ni matone 25. Nani atadondosha matone 25 juu ya rangi iliyokwisha kupotea, asishtuke? Na kama alirudia mara tatu, majibu yakapishana kwa 0.10 tu, hata mkono unaotetemeka hauna kesi: haukosei kwa kipimo kilekile kila mara.

Anayesakwa sasa ni kosa linalojirudia, tena linaloongeza asidi. Huenda asidi ilikuwa hafifu kuliko lebo inavyodai. Huenda chupa ya umbo la pia, ile inayobeba alkali, ilisuuzwa kwa alkali yenyewe kila awamu, ikabaki na alkali ya ziada. Maji yaliyosalia ndani ya chupa hiyo, ambayo wanafunzi hupenda mno kuyalaumu, hayahusiki kabisa, kwa sababu hayabadilishi idadi ya moli za alkali, yaani kiasi cha alkali chenyewe.

Lipi hasa lilitokea, pengine hajui, na hapo wale walimu wana haki. Aandike basi kwamba kosa ni la kujirudia, linakaribia asilimia 5, kusoma bureti hakulielezi, na kipimo cha kwanza cha kufanya ni kuipima upya asidi kwa sodiamu kaboneti iliyokaushwa na kupimwa uzito.