Fila chini ya macho: muulize kwanza dawa ya kuyeyushia iko wapi

Sina ugomvi na mwanamke anayetaka kupendeza. Mimi mwenyewe wanja na konsila havikosekani kwenye mkoba. Ugomvi wangu ni na haya matangazo ya fila, ile sindano ya kujaza mabonde ya uso, yanayozunguka kwenye status za WhatsApp: "Mtaalamu yupo Dodoma Ijumaa hadi Jumapili, fila chini ya macho, weka nafasi mapema." Namba ya simu, bei, picha ya kabla na ya baada, basi. Kasomea wapi, anachoma nini, hakuna anayesema. Anakuja na treni, anapanga chumba, anachoma watu, Jumapili jioni huyoo karudi Dar. Na kwa sindano hii, kuondoka kwake kunanitisha kuliko hata mikono yake.

Fila nyingi zinazochomwa hapo ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho hata mwili wenyewe hukitengeneza. Inajaza lile bonde linaloanzia kona ya ndani ya jicho na kushuka shavuni. Marekani jeli hizi zilianza kuruhusiwa kwa mikunjo ya uso mwaka 2003, lakini ya kwanza kuidhinishwa mahususi kwa bonde la chini ya macho ilipata kibali mwaka 2022. Katikati hapo madaktari walikuwa wanachoma kwa uamuzi wao wenyewe. Nalitaja hilo kwa sababu huku mtaani sindano hii inauzwa kama jambo dogo, la kufanya ukitoka kusuka.

Ngozi ya hapo ni nyembamba kuliko karibu ngozi yote ya mwili. Jeli ikikaa juujuu, mwanga ukiipiga unatawanyika na eneo linaonekana la bluu au kijivu, kama jeraha lisilopona. Wenye ngozi ya maji ya kunde wanaonekana waziwazi, weusi zaidi inajificha kidogo. Halafu jeli hii inavuta maji. Ndiyo kazi yake. Chini ya macho maji hayaondoki kirahisi, kwa hiyo mtu anaweza kukaa wiki au miezi yuko sawa, kisha akaanza kuamka na vifuko.

Nimeyaona haya kwa karibu. Mtoto wa mama yangu mdogo alichomwa huko alikojua yeye, na mwezi wa kwanza tulimsifia kweli. Baadaye kila asubuhi jicho la kushoto linavimba kwa chini, mfuko laini unaong'aa, ukiugusa unabonyea na kurudi taratibu. Akila chipsi za usiku zenye chumvi nyingi, kesho yake ndiyo usiseme. Ikifika saa tisa alasiri umepungua, anapiga picha, anaweka status, watu wanaandika "umetakata shosti". Mama mdogo hakuwa anajua habari ya sindano. Akamuuliza mezani, mbele yetu sote, "Wewe mwanangu, huyo mwanaume anakuliza kila usiku?" Tulicheka, naye akacheka, ila niliona alivyoinama.

Alipompigia aliyemchoma akaambiwa ni kawaida, asubiri miezi sita itaisha yenyewe. Hiyo miezi sita ni maneno ya biashara. Madaktari waliowapima watu kwa mashine ya MRI wameikuta jeli ya chini ya macho ikiwa bado ipo miaka kadhaa baadaye. Pale misuli haichezi sana kama mdomoni, na inaweza pia kusogea ikatoka ilipowekwa.

Kinachonikera zaidi ni kwamba wengi wetu hatuna hata hilo bonde la kujaza. Tuna weusi. Weusi wa kurithi kwa bibi, au wa kusugua macho. Anayekaa Dodoma anaujua upepo wetu wa kiangazi: vumbi la Nkuhungu, vumbi la barabara inayojengwa, macho yanawasha, unasugua kwa kiganja mpaka ngozi inakoza. Jeli haifuti rangi. Chukua kioo, simama dirishani, inua uso kuelekea kwenye mwanga. Giza likipotea, lilikuwa kivuli cha bonde, na hapo fila angalau ina hoja. Likibaki palepale ni rangi, na sindano yenyewe ikiacha alama ya damu kuvilia, ngozi zetu zinaweza kuongeza weusi juu ya weusi. Tiba ya mzio wa macho kutoka hospitali itakusaidia kuliko bomba zima la jeli.

Tena sisi wa kanda hii ndio tungepaswa kuwa wa mwisho kuchezea macho. Wilaya ya Kongwa, hapo jirani tu, watafiti wamekuwa wakifuatilia trakoma tangu miaka ya 1980, ule ugonjwa tunaouita vikope, ambao kope hugeuka ndani na kukwangua jicho mpaka giza. Kuna mabibi wa Kigogo waliopofuka kwa kukosa maji ya kunawa uso. Wajukuu wao wanalipa fedha ili mtu asiyejulikana achome sindano sentimita moja kutoka kwenye jicho. Sawa, nimetoka kidogo nje ya mada, ila siwezi kulipita hili bila kulisema.

Upofu ndio ubaya mkubwa kuliko yote. Ni nadra, sitaki kumtisha mtu kwa uongo, na pua pamoja na katikati ya nyusi ndiko kunakoongoza. Lakini chini ya macho hapajasalimika. Sindano ikiingia kwenye mshipa wa damu bila mchomaji kujua, naye akasukuma kwa nguvu, jeli inaweza kurudi kinyume na mkondo wa damu hadi kwenye mshipa unaolisha jicho, kisha damu ikaipeleka mbele na kuziba njia ya damu ya retina, ile sehemu ya ndani ya jicho inayopokea mwanga. Kutoka hapo madaktari huhesabu muda mfupi, kama saa moja hadi moja na nusu. Wengi wanaopatwa na hili hawarudishi uwezo wao wa kuona. Sasa fikiria: treni ya SGR kutoka hapa hadi Dar, na kasi yake yote, inachukua zaidi ya saa tatu. Kama daktari anayejua kurekebisha yuko Dar, kwa jicho lako ni sawa na hayupo.

Dawa ya kuyeyusha jeli ya hayaluroniki ipo. Ni kimeng'enya kinachoitwa hayaluronidesi, kinachomwa palepale kwenye jeli, na inaanza kuyeyuka ndani ya saa chache. Mtu anayechoma fila bila kuwa na dawa hiyo mkononi, siku hiyohiyo, ndani ya chumba hichohicho, hana haki ya kushika uso wa mtu. Huo ndio msimamo wangu na silegezi. Muulize kabla hujatoa hata shilingi ya kianzio. Mwambie akuonyeshe kichupa na tarehe ya kuisha muda wake. Na kama nyuki wakikuuma unavimba mwili mzima (na ukanda huu wa asali, Singida hadi Manyoni, wenye historia hiyo wapo), mwambie daktari mapema, kwa kuwa sumu ya nyuki ina kimeng'enya cha jamii hiyohiyo.

Muulize pia jina la jeli, na usome kasha mwenyewe. Silikoni ya maji haiyeyushwi na kitu. Ikileta vinundu inakatwa kwa kisu. Kile kikalamu cha kusukuma jeli bila sindano, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikionya hadharani mwaka 2021, nacho kinauzwa mtandaoni bado. Kwetu dawa na vifaa tiba vinasimamiwa na TMDA, na daktari lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Anayekasirika ukimuuliza namba yake ya usajili, ameshakujibu.

Na kwa aliyekwisha kuchomwa: michubuko na uvimbe wa siku chache huwa vinapita. Ukisikia maumivu makali yasiyolingana na sindano, ngozi ikawa nyeupe au ikatoka mabaka kama wavu, au jicho likaanza kuona ukungu, usimpigie dada wa saluni wala usiweke barafu. Panda bodaboda, nenda dharura, Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, popote palipo karibu nawe. Beba kasha la jeli, na mlangoni sema waziwazi kwamba umechomwa fila na saa ngapi. Aibu utaishughulikia baadaye.