Ulimi una kwao

Wiki yangu ya kwanza Wageningen, Uholanzi, nilikaa kimya darasani. Kiingereza nilikijua, nilisoma sekondari na chuo kikuu kwa lugha hiyo, na sarufi yake niliishika vizuri. Lakini kila nilipotaka kuuliza jambo, niliipanga sentensi kichwani, nikaikagua, nikaikagua tena, na nilipokuwa tayari mhadhiri alishafika mada nyingine. Kando yangu kijana wa Kiholanzi alikuwa anasema "dis" badala ya "this", na "bed" ikitoka mdomoni mwake ilisikika "bet". Aliongea tu, wala hakuna aliyegeuza shingo kumwangalia.

Usiku ule nilijiuliza ni nani aliyenifundisha kuogopa, na sikuhitaji kufikiri sana. Shule niliyosoma kule Kanda ya Ziwa, Tanzania, ilikuwa na kibao cha mbao. Ukikutwa unaongea Kiswahili, unavishwa shingoni, na unakivua pale tu utakapomnasa mwenzako. Jioni aliyebaki nacho alichapwa. Tulijifunza haraka kwamba mtu aliyenyamaza kibao hakimpati. Na ukijaribu Kiingereza chenye Kisukuma ndani yake, "r" ikageuka "l", darasa zima linakuangukia kwa kicheko, mwalimu naye akiwemo. Miaka minne ya namna hiyo inatosha kumfunga mtu mdomo.

Ndiyo maana nasikia uchungu kila ninaposoma watu wa nyumbani wakisema Kiswahili ndicho kinachowaponza watoto wetu wasijue Kiingereza. Lugha ya kwanza inaacha alama kwenye Kiingereza cha mtu, hilo silikatai. Alama zenyewe zinajulikana mpaka unaweza kuzitabiri. Sisi tuna irabu tano, Kiingereza kina zaidi ya kumi, kwa hiyo "hat", "hut" na "heart", yaani kofia, kibanda na moyo, zote tunazitia kwenye "a" yetu moja. Mkazo tumezoea kuuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo sababu "comfortable" inatoka "komfotabo" na uzito wote uko kwenye "ta". Na neno likiisha kwa konsonanti tunaliongezea irabu ya kupumzikia. Yatazame maneno tuliyoyachukua kwao: basi, benki, koti, kilabu. Njia ambayo ulimi wetu unapita imeandikwa humo humo.

Kuna alama nyingine hazisikiki kwenye matamshi na ndizo zinazoleta matatizo makubwa zaidi. Siku moja mimi na mwenzangu wa nyumba tulikuwa tunatoka, ufunguo wake ameusahau mezani, akaniuliza mlangoni, "You don't have your key?" Nikamjibu, "Yes." Kwetu mtu akikuuliza "Huna ufunguo?" na kweli huna, unamjibu "Ndiyo, sina." Yeye akasikia kwamba ninao. Akauvuta mlango, ukajifunga, tukakaa nje kwenye mvua tukimsubiri mwenye nyumba. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba "ndiyo" yetu inakubaliana na swali lilivyoulizwa, ilhali "yes" yao inathibitisha jambo lenyewe. Nilifaulu mitihani yote ya Kiingereza bila kulijua hilo.

Lakini lugha yako inakupa pia. Mtu wa Unguja au Mombasa aliyekua akisema thamani na dhahabu sawasawa anaingia kwenye "think" na "this" akiwa na sauti zote mbili tayari mdomoni. Waholanzi wengi zinawasumbua maisha yao yote.

Jambo hili nililielewa vizuri nilipoanza kujifunza Kiholanzi. Mwalimu, mama wa makamo, alitupa neno "melk", maziwa. Mimi nikasema "meleki", nikainamisha kichwa kusubiri kicheko. Akatuambia Waholanzi wengi wenyewe husema "melluk", na "film" huisema "fillum", kwa sababu konsonanti hizo mbili zikifuatana ulimi unatafuta nafasi ya kupumua. Nikamwambia sisi filamu tunaiita filamu. Akaliandika ubaoni. Akamgeukia mwanafunzi aliyekua kwa Kiarabu akamwonyesha kwa nini "p" inamtokea "b", akaja kwa Mhispania anayetanguliza "e" kwenye kila neno linaloanza na "st". Kila mmoja alionyeshwa alikotoka na hatua anayotakiwa kupiga. Hakuna aliyevishwa kitu shingoni.

Haki lazima itendeke: Kiholanzi na Kiingereza ni ndugu wa damu. "Water" ni "water", "boek" ni "book". Mtoto wa huku anaanza safari akiwa amekaribia kufika, na filamu za Kiingereza kwenye televisheni anazisikia kwa sauti zake halisi, tafsiri ikiandikwa chini. Sisi tunatoka mbali zaidi. Ila umbali huo ndio unaotaka mwalimu anayeijua njia, na njia huwezi kuijua kama unajifanya Kiswahili hakipo.

Hapa mtoto anasoma hisabati, historia na sayansi kwa Kiholanzi. Kiingereza ni somo, lenye walimu wake, na tangu 1986 ni la lazima kwenye shule za msingi. Kwetu, tangu 1967, shule za msingi za serikali, karibu zote, zinafundisha kwa Kiswahili, halafu kidato cha kwanza, asubuhi moja, baiolojia na jiografia zote zinageuka Kiingereza. Mtoto anapoteza somo na lugha kwa pamoja. Mimi naona masomo yabaki kwenye lugha ambayo mtoto anaweza kuuliza "kwa nini", na Kiingereza kifundishwe kama somo, kwa bidii kuliko sasa, na mwalimu anayethubutu kusema: hapa Kiswahili kitakuvuta huku, wewe nenda kule.

Mpwa wangu wa Mwanza ameanza kidato cha kwanza mwaka huu. Mwezi uliopita nilimrekodia sauti kwenye WhatsApp, "hat", "hut" na "heart", taratibu, mara tatu tatu. Alikaa kimya siku mbili, nikadhani amepuuza. Siku ya tatu ikaja sauti yake, na nyuma yake dada yangu anasikika akimwita aje kula.

"Shikamoo mjomba. Nimezirudia mpaka nimeweza, sikiliza." Akazitamka zote tatu, kila moja na "a" yake. Kisha akauliza, "Zipo nyingine za namna hii?"

Nimemtumia "ship" na "sheep". Nangoja anijibu.